Kaka aliacha unga (heroini) kwa maombi, mchungaji akahamishwa, unga ukarudi. Alishikwa na Yesu au alishikwa na mtu?

#1 DadaWaKwaya

Bwana Yesu asifiwe, na asalaam aleikum kwa ndugu zangu Waislamu. Naandika nikiwa Unguja mjini.

Kaka yangu ana miaka 34. Bangi alianzia skuli, akaja kwenye kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, kisha kete, mwisho sindano. Miaka kumi na moja. Tumemfungia ndani, tumempeleka shamba kwa mjomba, tumeuza cherehani ya bibi kulipa madeni yake. Mwaka juzi akakutana na mchungaji wa kanisa moja la hapa mjini. Yule baba hakumhubiria. Alimpa chai na andazi, akamwonyesha chumba nyuma ya kanisa, akamwambia lala. Kaka alipita arosto, yale maumivu ya kukosa unga, mle ndani siku sita, mchungaji anamkanda miguu kwa maji moto usiku. Akatoka ameokoka. Miezi minane hakugusa kitu. Anafagia kanisa, anapanga viti, anabeba begi la mchungaji. Mchungaji akikaa, naye anakaa. Mchungaji akiinuka, naye anainuka.

Kisha mchungaji akahamishiwa Bara. Jumapili ya tatu kaka hakuja ibadani. Wiki iliyofuata nikamkuta Darajani, amechuchumaa kando ya gari la mihogo, macho yamefumba nusu, mdomo wazi.

Kuna jambo linanikosesha usingizi. Mama yetu alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani, kaka akiwa na mwaka mmoja na nusu. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nakumbuka. Mama aliacha kanga moja kwenye msumari. Kaka alilala na ile kanga mpaka ikawa matambara, na bibi alipoifua aligoma kula siku nzima.

Kwa hiyo nauliza. Kaka aliponywa, au alibadilisha tu kitu cha kushika: kanga, unga, mchungaji? Na kama ni Yesu aliyemshika, kwa nini safari ya mtu mmoja imwangushe?

#2 Kipanga07

Pole sana dada. Naweka kambi hapa.

#3 MamaNeema

Pole mwanangu. Ila hilo la mama kwenda Maskati nakukatalia. Mimi nimelelewa na bibi, watoto wangu wawili wamelelewa na bibi, na nyumba sita za mtaani kwangu mama yuko Oman au Dar. Kulelewa na bibi kungekuwa kunaleta unga, nusu ya visiwa hivi ingekuwa inachoma sindano. Wapo mateja waliolala kifuani kwa mama zao mpaka miaka minne. Tusiwabebeshe wanawake waliokwenda kutafuta riziki mzigo wa wauza unga.

#4 MsomajiUsiku

Dada, ulilouliza lina wenyewe walioliandika. John Bowlby, daktari wa akili Mwingereza, alisema mtoto ana haja ya kuwa na mtu wa kumkimbilia, kama alivyo na njaa. Mtu huyo akiwepo, mtoto anathubutu kwenda kucheza mbali, kwa sababu anajua pa kurudi. Akitoweka, mtoto analia kwa hasira, kisha anazama kimya, kisha anajifanya hana haja na mtu.

Na hiyo kanga imenisimamisha. Harry Harlow wa Marekani miaka ya 1950 aliwatenga watoto wa nyani na mama zao, akawawekea masanamu mawili: moja la waya lenye chupa ya maziwa, jingine limevikwa kitambaa laini lakini halina kitu. Watoto walinyonya kwenye waya, wakimaliza wanakimbilia kitambaa na kukikumbatia karibu kutwa nzima.

Kaka yako alifanya hivyo hivyo, na hakuna aliyemfundisha.

#5 ChakeKwetu

Haya, tumefika kwa nyani sasa. Kila balaa letu lazima lifafanuliwe na Mwingereza aliyekulia kwa yaya. Huku Pemba mtoto ana mama, mama mdogo, mama mkubwa, bibi, shangazi na jirani. Hizo nadharia ni za nyumba yenye mama mmoja na mlango uliofungwa.

#6 MsomajiUsiku

@ChakeKwetu hoja yako ya mama wengi naikubali nusu. Ila nadharia hiyo haikuanzia Ulaya peke yake. Mary Ainsworth, aliyefanya kazi na Bowlby, alikaa Uganda 1954 na 1955, akazunguka vijiji vya karibu na Kampala kwa akina mama 26, anakaa sebuleni anatazama watoto wanavyomfuata mama, wanavyolia akitoka, wanavyomrukia akirudi. Kabla ya vyumba vya majaribio vya Marekani, jambo hili lilitazamwa hapa Afrika Mashariki, kwenye mikeka. Na aliwakuta watoto wenye walezi zaidi ya mmoja.

Swali lenyewe, kwa hiyo, linabaki. Bibi alikuwepo, sawa. Lakini aliyeondoka aliondoka, na mtoto alijua.

#7 SobaMiaka6

Nimesoma nikasimama, nikarudi.

Mimi ni mraibu ninayepata nafuu, mwaka wa sita huu. Nimelala maskani ya Malindi, nimeiba nyaya, nimeiba hata viatu msikitini na kanisani kote, sikubagua dini. Wacha niwaambie unga ulikuwa nini kwangu, maana mnaujadili kama mtu anayejadili bahari hajalowa.

Mara ya kwanza sikusikia furaha. Nilisikia kama mtu amenifunika blanketi nikiwa na homa. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyenidai kitu. Baada ya hapo nikakimbizana na lile blanketi miaka tisa na sikulipata tena, nikawa natumia ili nisiumwe tu.

Arosto yangu ya mwisho niliipita soba, nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya. Usiku wa pili ndio mbaya. Miguu inapiga teke yenyewe, makamasi, kuhara, vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa. Jamaa mmoja aliyekuwa na miezi minne kalala chini kando ya godoro langu, kanishika kifundo cha mguu. Hakusema kitu mpaka asubuhi, kashika mguu tu. Yeye Mkristo wa Bara, mimi Muislamu wa Mkoani.

Kwa hiyo dada, ukiuliza alishikwa na Yesu au na mtu, mimi sioni hizo kama njia mbili. Kaka yako amekandwa miguu siku sita. Hilo usilidharau hata kidogo.

#8 Kipanga07

@SobaMiaka6 ahsante kaka. Mungu akutunze.

#9 NesiWaZamu

Naombeni nafasi, nina neno la haraka kabla ya falsafa.

Dada, kaka yako amekaa miezi minane bila heroini. Mwili wake umesahau. Akipiga leo kiasi alichokuwa anapiga zamani, pumzi inaweza kukatika. Wengi tunaowapoteza hufa wakati huu, wametoka soba, rumande au maombini, wanarudi na kipimo cha zamani. Kwa hiyo asitumie peke yake, na ukimkuta anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, haamki, usimmwagie maji ukasubiri. Mlaze ubavu, mwite jina, mpeleke hospitali mbio. Kuna dawa ya naloksoni inayoamsha mtu kwa dakika chache.

Pili, kuna methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini. Anakunywa kikombe kimoja kwa siku mbele ya mhudumu, bure. Arosto haimpigi, na halewi kama kipimo kimekaa sawa. Heroini inaisha mwilini kwa saa chache, ndiyo maana teja anahangaika mara tatu nne kwa siku. Methadoni inakaa siku nzima na zaidi. Hapo ndipo mtu anapata muda wa kufikiri, kusali na kutafuta kazi. Mpelekeni hospitali ya Kidongo Chekundu.

#10 Mjamaa_Kikwajuni

Nesi yuko sahihi. Hiyo huduma Zanzibar tunayo tangu 2011, tulikuwa wa kwanza Tanzania nzima.

#11 NesiWaZamu

Hapana kaka, 2011 ni Muhimbili, Dar. Kwetu ilifunguliwa 2015. Kabla ya hapo watu wetu walikuwa wanapanda boti.

#12 Mjamaa_Kikwajuni

Nimekubali, nilichanganya. Lakini naongeza moja. Tusizame sana kwenye utoto, mazingira ndiyo kila kitu. Wanajeshi wa Marekani kule Vietnam walivuta heroini kwa wingi, wakarudi kwao, na hakuna hata mmoja aliyeendelea. Walitoka kwenye vita, basi. Mtoeni huyo kijana mjini, mpelekeni Makunduchi akavue.

#13 MsomajiUsiku

"Hakuna hata mmoja" si kweli. Aliyewafuatilia ni Lee Robins. Karibu mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu akiwa kule. Mwaka wa kwanza baada ya kurudi, walioanguka tena walikuwa asilimia 5 hivi, na ilipofika miaka mitatu asilimia 12. Ni wachache kweli, na hoja yako ina uzito. Ila wale walirudi kwa mama zao, wake zao na kazi zao. Huyu wa dada amehama wapi? Darajani ni kwao.

#14 Mwinjilisti_K

Neema na amani.

Ndugu zangu, mimi ni mwinjilisti, na uzi huu umenigusa mahali panapouma. Nimeombea vijana wa unga. Wapo waliosimama mpaka leo. Yupo niliyemzika.

Kwanza niseme kosa letu sisi watumishi. Kuna mtumishi mmoja, simtaji, alimwambia kijana amwage methadoni kwenye choo cha kanisa, kwa sababu eti anayekunywa dawa hajaamini. Kijana akaanguka siku ya tatu. Jambo hilo lilinifanya nikalie kwa Mungu. Hatumwambii mwenye sukari amwage dawa yake.

Pili, imani si jambo lililodandia matibabu haya baadaye. Chama cha walevi wanaoacha pombe kilianza Akron, Ohio, 1935, Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili wakitokea kwenye vikundi vya Kikristo vya Oxford: kuungama, kurudisha ulichoiba, kumsaidia mwenzako. Hatua 12 zilitoka humo, na mwaka 1953 wa dawa za kulevya wakaanzisha chao kule California. Soba zetu zinazotumia hatua hizo zimekula matunda ya mti huo.

Tatu, dada, Zaburi ya 27 inasema: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake." Daudi hakuficha kwamba aliachwa. Nadhani kaka yako alikaribishwa na Bwana kwa mikono ya yule mchungaji, na sisi kanisa tukafanya uzembe wa kuacha mikono ikabaki miwili tu. Alipoondoka, hakuna aliyekuwa amejua hata kijana anakula wapi mchana.

#15 UstadhMdogo

Mwinjilisti umesema kweli na Mwenyezi Mungu akulipe. Naongeza kwamba wale wa Akron walijitenga na vikundi vya Oxford baada ya miaka michache, wakaandika Mungu "kama tunavyomfahamu sisi". Ndiyo maana soba anakaa Muislamu na Mkristo na hakuna anayegombana. Mmoja anaswali alfajiri, mwingine anasoma Zaburi, saa tatu wote wapo kwenye duara.

Na tatizo la dada tunalo pia. Ramadhani vijana wanaacha, wanajaa msikitini, futari pamoja, tarawehe pamoja. Ikifika Idi Mosi kila mtu anakwenda kwao. Idi Tatu unawakuta maskani. Mfungo ulikuwa na watu ndani yake, Idi ikawatawanya.

#16 ChakeKwetu

Ustadh hilo la Idi Tatu nimelishuhudia kwa macho, kwa binamu yangu. Hapo mmenipata.

#17 MsomajiUsiku

Niongeze mawili niliyoyaweka akiba.

La kwanza linamhusu @SobaMiaka6 na blanketi lake. Mwaka 1978 Jaak Panksepp na wenzake waliwatenga watoto wa mbwa, wakawapa morfini kidogo mno isiyoweza kuwalaza. Vilio vya kutengwa vikapungua. Ubongo una morfini yake yenyewe, na inahusika pale mtoto anapotulia kifuani. Heroini inaingia kwa mlango huo huo. Anayesema unga ulimkumbatia hatungi mashairi.

La pili linamhusu kaka. Lee Kirkpatrick na Phillip Shaver waliandika 1990 kwamba watu ambao hawakuwa na usalama kwa mama zao walikuwa wepesi zaidi kuokoka kwa ghafla, kwa kishindo. Wenye utulivu nyumbani mara nyingi huchukua imani polepole, kama lugha.

#18 Mwinjilisti_K

@MsomajiUsiku nakushukuru, ila hapo kuwa mwangalifu. Kujua njia aliyopita mtu kufika kwa Mungu hakuonyeshi kwamba hakufika. Mwenye kiu anakimbilia kisima kuliko asiye na kiu, na kisima kinabaki kisima.

#19 MsomajiUsiku

Nakubali. Utafiti ule haukusema Mungu hayupo, wala mimi sisemi.

#20 MzeeTambuu

Vijana, mimi nina miaka 71 na neno lenyewe "uraibu" mnavyolitumia linanisumbua. Kwetu uraibu ni tambuu: jani, popoo, chokaa na tumbaku, kwenye kijaluba. Mgeni akija, "karibu uraibu". Kilikuwa kitu cha kukaribishana, kinakaa kati ya watu wawili. Sasa jina limechukuliwa likapewa kitu anachofanya mtu peke yake chooni.

Na hilo mnalozungukia, la mtoto na mama, Kiswahili kinalo. Biblia yenu, Mwanzo 2:24, mwanamume atamwacha babaye na mamaye "ataambatana na mkewe". Kuambatana. Jani linaambatana na jani likiwa bichi. Likikauka linaachia.

#21 MamaNeema

Mzee wangu, popoo lenyewe linalewesha na meno yako shahidi 😄. Ila nimeipenda hiyo ya kuambatana.

#22 MzeeTambuu

Meno yameondoka kwa heshima zao, mwanangu. Kijaluba bado kipo.

#23 MzawaMbweni

Niingie na historia kidogo, maana babu wa babu yangu alikuwa mmoja wa watoto nitakaowataja.

Misheni ya UMCA, ya Waanglikana wa Uingereza, ilihamia Unguja 1864. Watu wake wa kwanza walikuwa watoto, waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Hawana mama, hawajui kwao, wengine hawajui jina lao. Pale Mkunazini kanisa limejengwa kwenye soko la watumwa lililofungwa 1873. Mbweni wakajenga kijiji na skuli ya wasichana. Huko kwenu Pemba, @ChakeKwetu, Wakweka, wamisionari wa dhehebu la Quaker, walifika 1897, mwaka ule ule utumwa ulipoondolewa kisheria.

Nasema hivi kwa sababu sisi Wakristo wa zamani wa hapa, kanisa lilikuwa mama kwa maana halisi: lilikulisha, likakupa jina, likakuzika. Bibi yangu alikuwa akipita mbele ya kanisa la Mbweni anagusa ukuta kwa kiganja, hata akiwa na haraka. Hakuwahi kutueleza. Kaka wa dada anapobeba begi la mchungaji, mimi namwona mtoto wa jahazini.

#24 ChakeKwetu

Umeeleza vizuri, lakini mama huyo naye alikuwa na fimbo, na aliwabadilisha majina bila kuwauliza. Tusisahau.

#25 MzawaMbweni

Sijasahau. Jina langu la ukoo ni la mmoja wa hao.

#26 SobaMiaka6

Mimi na Mwinjilisti tunatofautiana kidogo. Anasema mikono ilikuwa miwili, iongezwe. Sawa. Lakini mimi nilikuwa na mikono mingi, nikaanguka mara nne. Mara ya tano watu walikuwa wachache zaidi, na nikasimama. Sijui kwa nini. Ukiniuliza nitasema Mungu. Nesi atasema kipimo kilikaa sawa, maana nilikuwa methadoni miaka miwili. Mke wangu atasema ni kwa sababu mtoto alizaliwa. Nikimsikiliza kila mmoja naona hadanganyi.

#27 MamaNeema

Dada mwenye uzi yuko wapi? Tunamsemea.

#28 DadaWaKwaya

Nipo. Nimesoma yote, mengine mara mbili. Ahsanteni.

@NesiWaZamu, nilipomaliza kusoma #9 nilitoka saa hiyo hiyo kumtafuta. Nilimpata Michenzani. Sikumwambia habari ya dawa wala wokovu. Nilikaa naye kwenye kibaraza, nikamnunulia urojo, hakula. Nikamshika mguu, kama ulivyosimulia @SobaMiaka6. Aliniangalia kama nimerukwa na akili, kisha akaniacha nishike.

Jumatatu tulikwenda Kidongo Chekundu pamoja, tukasajiliwa. Leo ni siku ya kumi na tisa. Kipimo bado kinapandishwa taratibu. Anaamka saa kumi na mbili, tunapanda daladala, anakunywa, tunarudi. Siku mbili nilikuwa zamu kazini, akaenda na Mwinjilisti wa kanisa letu, na siku moja na jirani yetu Muislamu mwenye bodaboda. Tumeandika majina saba kwenye karatasi, nimeibandika jikoni.

@MamaNeema, nimekuelewa kuhusu mama. Simlaumu. Alitusomesha. Lakini nilimpigia nikamweleza, akalia, akasema ile kanga waliuza mbili mbili, na pande la pili analo Maskati mpaka leo kwenye sanduku. Mimi sikujua hilo. Jana jioni kapiga, nikaweka simu mezani kwa sauti kubwa. Kaka hakusema neno. Wala hakuondoka. Alikaa dakika ishirini anachambua mchele wangu, anamsikiliza mama akieleza bei za nyanya.

#29 Mwinjilisti_K

Utukufu kwa Mungu. Yule mchungaji aliyehamishwa, amejua?

#30 DadaWaKwaya

Amejua. Anapiga kila Alhamisi. Mara mbili za kwanza kaka alikataa kupokea. Alhamisi hii alipokea, akamuuliza kitu kimoja tu: "Huko nani anakupangia viti?"

#31 Kipanga07

Dada, karatasi ya jikoni ina nafasi ya jina la nane? Nipo Jang'ombe, nina vespa, Jumamosi na Jumapili siendi kazini.

#32 DadaWaKwaya

Ipo. Njoo inboksi.